Namna ya Kuwa Shabiki wa Muziki wa Aina Nyingi: Mfuate Mpigaji

Shabiki anayetaka kupanua masikio yake huambiwa na kila mtu kwamba asikilize kila kitu. Ushauri huo una nia njema, lakini hauna mlango wa kuingilia. Jazi peke yake imekuwa ikirekodiwa tangu mwaka 1917, roki ina matawi yasiyohesabika, na muziki wa kale wa Ulaya una karne kadhaa nyuma yake. Mtu anayeanza kwa kufungua orodha ya nyimbo mia tano zinazosemwa kuwa bora duniani huchoka kabla hajafika ya ishirini, na akiulizwa amesikia nini hana la kusimulia. Njia ninayoieleza hapa ni nyingine, na kwa upande wangu ndiyo iliyonifungulia karibu milango yote niliyowahi kuingia: usilifuate jina la mtindo, mfuate mpigaji. Majina ya mitindo huwasaidia zaidi wauzaji na watangazaji kujua nini wakipange wapi. Wanamuziki wenyewe huvuka mipaka hiyo kila siku, na ukimshika mmoja wao mkono atakuvusha.

Anza na wimbo unaoupenda tayari

Chagua wimbo mmoja unaoujua kiasi cha kuweza kuuimba wote bila kusaidiwa. Usichague wimbo wa kujionyesha kwa watu, chagua ule unaokugusa kweli hata kama unaona haya kuutaja. Keti, vaa hedifoni, weka simu mbali ikiwa siyo inayopiga muziki, kisha usikilize ukiwa na kalamu mkononi na uandike ni wapi hasa mwili wako unaposisimka. Inawezekana ni pale besi inaponyamaza kwa sekunde moja kabla ya kiitikio, au pale sauti ya pili inapopanda nyuma ya mwimbaji ambaye ulidhani yuko peke yake. Watu wengi husema tu kwamba wanapenda mdundo, na si kosa, lakini mdundo una mwenyewe: kuna mtu aliyeketi nyuma ya dramu, au mbele ya kompyuta, akaamua pigo lile liangukie pale na si kwingine.

Kazi yako inayofuata ni kumtafuta mtu huyo kwa jina. Majina huandikwa kwenye jalada la santuri au kijitabu cha CD, na programu nyingi za kusikilizia muziki mtandaoni sasa zina ukurasa wa walioshiriki katika kila wimbo, ingawa kwa rekodi za zamani ukurasa huo mara nyingi una mapengo. Mapengo hayo yana historia yake. Kundi la wapigaji wa studio ya Motown mjini Detroit, lililoitwa The Funk Brothers, lilipiga katika nyimbo nyingi zilizovuma miaka ya 1960 bila majina yao kuchapishwa. Ni kwenye jalada la albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, *What's Going On*, ndipo wapigaji hao walipotajwa. Mpiga besi wao, James Jamerson, alikuwa amechezesha dunia nzima kwa muongo mmoja huku wachezaji wakiwa hawajui kwamba yupo. Ndiyo maana kulitafuta jina la mpigaji ni jambo la heshima kwanza, kabla hata halijawa mbinu ya kusikiliza.

Jina moja hufungua nyumba nyingi

Ukishalipata jina, tafuta kila kitu kingine ambacho mtu huyo amepiga, na usijali kimewekwa kwenye rafu gani. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ron Carter. Alipiga besi katika kundi la mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, na ameshiriki katika rekodi zaidi ya 2,200, lakini kijana wa hip hop anaweza kukutana naye kwa mlango tofauti kabisa, kwa sababu mwaka 1991 aliingia studio na A Tribe Called Quest na besi yake inasikika katika albamu yao ya *The Low End Theory*. Msikilizaji aliyeanza na mashairi ya kundi lile, akaiuliza nafsi yake ni nani anayepiga besi ile pana ya mbao, amekwisha kuingia katika jazi bila mtu kumlazimisha. Anaingia akiwa tayari na rafiki ndani.

Tony Allen ni njia nyingine ndefu na tamu. Alikuwa mpiga dramu wa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, na wengi wanamjua kwa afrobeat, ule muziki wa nyimbo za dakika kumi hadi ishirini na zaidi ambamo mikono yake miwili na miguu yake miwili husikika kama watu wanne wanaoelewana. Yeye mwenyewe alijifunza kwa kuwasikiliza wapiga dramu wa jazi kama Art Blakey na Max Roach, na mwaka 2017 alitoa rekodi fupi ya kumuenzi Blakey. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2007, alikuwa katika albamu ya roki pamoja na Damon Albarn na Paul Simonon, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya punk ya The Clash. Na mwaka 2018 alitoa muziki pamoja na Jeff Mills, mmoja wa mabingwa wa tekno, muziki wa dansi wa kielektroniki, wa Detroit. Mtu mmoja, mitindo minne, na mkono wa kushoto uleule kwenye dramu ndogo. Ukizisikiliza rekodi hizo kwa mfuatano ndani ya wiki moja, utagundua kwamba tekno, ambayo labda uliiona kama kelele ya mashine, ina nafasi ndani yake anayoweza kukaa binadamu.

Kwa hip hop na muziki wa kielektroniki, uzi wa kufuata ni vipande vilivyokatwa kutoka nyimbo za zamani na kurudiwarudiwa. Clyde Stubblefield alipiga dramu katika wimbo wa James Brown uliorekodiwa mwaka 1969 na kutolewa mwaka 1970, na kipande chake kifupi cha dramu pekee kikawa uti wa mgongo wa nyimbo nyingi mno za hip hop, zikiwemo za Public Enemy. Gregory Coleman wa kundi la The Winstons alipiga kipande cha kama sekunde 7 mwaka 1969, na kutokana na sekunde hizo, zikiharakishwa na kukatwakatwa, ilizaliwa sehemu kubwa ya muziki wa jungle na drum and bass nchini Uingereza. Wapigaji wote wawili hawakupata malipo yanayolingana na walichokitoa, jambo ambalo shabiki anapaswa kulijua anapocheza. Kifanye kipande kama hicho kuwa swali: kimetoka wapi, na wimbo wa asili unasemaje pale kipande kinapokwisha?

Sikiliza albamu moja mara tatu, kwa masikio matatu

Nyimbo mojamoja zinafaa kwa kuonja, lakini kwa kuingia katika mtindo mgeni ninapendekeza albamu nzima, moja tu, kwa wiki nzima. Tangu santuri ndefu ilipoingia sokoni mwaka 1948 ikiwa na nafasi ya dakika ishirini na kitu kila upande, wanamuziki wamepanga kazi zao kwa kipimo hicho, na mpangilio wenyewe ni sehemu ya maana.

Nitatumia *Kind of Blue* ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, na yenye urefu wa kama dakika 45. Mara ya kwanza iache ipite yote, usihukumu wala usitafute kitu. Mara ya pili mfuate Paul Chambers kwenye besi na usimwachie hata tarumbeta ikikuita. Wimbo wa kwanza, *So What*, utakulipa papo hapo, kwa sababu baada ya utangulizi wa taratibu besi ndiyo inayobeba kiini cha wimbo. Besi inauliza, na piano inaitikia kwa milio miwili tu, kisha tarumbeta na saksafoni zinachukua uitikiaji ule. Mwendo huo wa kuuliza na kuitikia utautambua hata kama hujawahi kusikiliza jazi maishani. Mara ya tatu msikilize Jimmy Cobb kwenye dramu. Pale Miles anapoanza solo yake, Cobb anapiga toazi moja, na mlio wake unatanda juu ya kila kitu kama mtu aliyefungua dirisha kubwa. Inasemwa na wengi kwamba alipiga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko alivyokusudia, lakini mimi siwezi kuuwazia wimbo ule bila pigo lile. Ukifika hapo hutahitaji tena kuelezwa jazi ni nini. Utataka kujua tu John Coltrane na Cannonball Adderley, wapiga saksafoni waliomo humo, walifanya nini walipokuwa na makundi yao wenyewe.

Jifunze swali ambalo kila muziki unauliza

Mtu huchukia muziki mara nyingi kwa sababu anausikiliza kwa swali la muziki mwingine. Anayetafuta kiitikio ndani ya raga ya Kihindi atachoka, kwa kuwa raga huanza na sehemu ndefu isiyo na ngoma, ambamo mpigaji anazitambulisha noti mojamoja kama mwenyeji anayemtembeza mgeni chumba kwa chumba, na tabla, ngoma mbili ndogo za mkono, huingia baadaye kabisa. Tarehe 1 Agosti 1971, katika tamasha la kuchangia Bangladesh pale Madison Square Garden, mpiga sitar Ravi Shankar na wenzake waliporekebisha nyuzi za vyombo vyao, umati ulipiga makofi ukidhani umesikia wimbo. Shankar aliwashukuru kwa upole na kusema anatumaini watafurahia zaidi upigaji wenyewe. Sioni aibu yoyote kwa umati ule, maana walikuwa na moyo tayari. Kilichopungua ni kujua sikio lielekezwe wapi.

Katika rege, sikiliza kinachokosekana: kwenye mdundo unaoitwa one drop, pigo la kwanza huachwa wazi na uzito huangukia la tatu, na ndugu wawili wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, Carlton Barrett kwenye dramu na Aston Barrett kwenye besi, ndio walimu wazuri wa jambo hilo. Katika rumba ya Kongo, usiwe na haraka. Sauti za waimbaji hutangulia polepole na gitaa huanza kuzungumza zenyewe wimbo ukifika sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, na raha kubwa ni kuitenganisha gitaa ya solo na ile ya mi-solo inayopita katikati, kisha kuziacha ziungane tena.

Muziki wa hevi metali nilikuwa nikiukataa. Nilisema ni kelele, na nilisema hivyo kwa miaka bila kusikiliza albamu hata moja hadi mwisho. Kilichonigeuza ni mtu tena. Tony Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 kiwandani mjini Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vyake vya kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ziwe chini kuliko kawaida. Uzito ule wa bendi yake, Black Sabbath, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, kwa kiasi kikubwa umetokana na vidole vilivyoumia. Baada ya kulijua hilo niliusikiliza upya, safari hii nikiufuata mkono wake, na nilichokiita kelele kikawa sauti ya mtu anayepambana na uzi.

Linganisha upigaji wa watu wawili, au wa mtu mmoja katika miaka miwili tofauti

Katika muziki wa kale wa Ulaya, ambapo maandishi ya mtunzi ni yaleyale kwa kila mpigaji, namna bora ya kuingia ni kulinganisha. Bach alichapisha *Goldberg Variations* mwaka 1741. Ni wimbo mmoja mfupi, mageuzo yake 30, kisha wimbo uleule unarudi mwishoni. Mpiga piano Glenn Gould aliurekodi mwaka 1955 akiwa kijana, kwa kama dakika 38, kisha akaurekodi tena mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kwa kama dakika 51. Sikiliza ule wimbo mfupi wa mwanzo tu katika rekodi zote mbili, moja baada ya nyingine. Noti hazijabadilika hata moja, lakini wa pili unatembea kama mtu anayejua njia na hana haraka ya kufika. Zoezi hilo la dakika chache hufundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Njia hiyohiyo inafaa kwa nyimbo zilizohama mtindo. Ray Charles alitoa mwaka 1962 albamu nzima ya nyimbo za country alizozipanga upya kwa sauti yake ya soul, na bendi ya roki ya Led Zeppelin mwaka 1971 iliurudia wimbo wa bluzi wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie wa mwaka 1929. Anza na ule ulio karibu na masikio yako, kisha rudi nyuma.

Usijenge ushabiki wako juu ya chuki

Tarehe 12 Julai 1979, kati ya mechi mbili za besiboli katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku lililojaa santuri za disko lililipuliwa mbele ya maelfu ya watu, umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Waliofanya hivyo walijiita wapenzi wa roki. Wakati huohuo, katika mji uleule, DJ Frankie Knuckles alikuwa akipiga disko kwenye klabu iliyoitwa The Warehouse, na kutokana na disko hiyo ulizaliwa muziki wa house, ambao hadi leo unachezwa duniani kote. Ninalitaja tukio hili kwa uchungu kwa sababu halikuwa mzaha wa mashabiki peke yake. Muziki uliochomwa ulikuwa umebebwa na watu weusi, Walatino na mashoga, na wengi waliokuwa wakiucheza waliuelewa ujumbe. Kusema kwamba wimbo fulani haukugusi ni haki yako. Kuwadharau wanaoupenda ni jambo lingine, na kunakufungia mlango ambao labda utauhitaji kesho.

Kwa hiyo ukimkuta shabiki wa muziki usioujua, usimwulize kwa nini anaupenda, kwa maana swali hilo humfanya ajitetee. Mwombe akupe wimbo mmoja na akuonyeshe dakika anayoisubiri. Nawe ukiombwa, toa wimbo mmoja na sababu yake: mwambie mwenzako kwamba afike dakika ya nne asikilize besi inavyoshuka. Orodha ya nyimbo thelathini hakuna anayeisikiliza.

Mashabiki wa Grateful Dead, bendi iliyodumu kuanzia mwaka 1965 hadi 1995, wanastahili kuigwa katika hili. Bendi iliwaruhusu kurekodi maonyesho yake, na kuanzia mwaka 1984 iliwatengea hata eneo lao ukumbini. Nao walibadilishana kanda bila kuziuza, kila kanda ikiwa imeandikwa tarehe na mahali. Ndiyo maana leo mtu anaweza kufuatilia wimbo mmoja ukikua usiku hadi usiku.

Yatunze masikio

Ukienda kwenye onyesho, beba viziba masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuiharibu. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua kwa nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na spika, una kama dakika 15. Simama mbali na spika, na karibu na meza ya fundi mitambo ukiweza, kwa kuwa sauti imepangwa ili isikike vizuri pale alipo yeye. Niliwahi kutoka kwenye tamasha masikio yakilia kwa siku mbili nzima, na katika siku hizo sikuweza kusikia matoazi kwenye rekodi yoyote. Tangu hapo sijasahau viziba nyumbani.

Albamu ikikushinda

Itatokea. Ukiisha kuisikiliza mara tatu kwa uaminifu na bado haijakuambia kitu, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, andika pia kilichokukera, kisha iache bila kinyongo na umfuate mpigaji mwingine. Mimi niliandika hivyo kuhusu João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazil, katika albamu aliyoitoa na mpiga saksafoni Stan Getz mwaka 1964. Niliandika kwamba sauti yake imelala. Miaka miwili baadaye nilirudi kwenye ukurasa ule, nikavaa hedifoni, na safari hii nikaifuata gitaa yake badala ya sauti. Ndipo nikasikia kwamba gitaa haiyumbi hata kidogo, na kwamba ni sauti inayochelewa makusudi, ikiwahi neno moja na kuliacha jingine lipite, kisha zote mbili zinakutana mwishoni mwa mstari kana kwamba hazikuwahi kuachana. Usiku ule niliirudia mara nne.